Wao wanapanda ngazi, sisi tunaishika

(Yafuatayo ni maneno aliyoyasema mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana waliokutana mjini Tunduma. Tunayachapisha karibu yote kama yalivyosemwa.)

Walioniita waliniomba nizungumze juu ya kijana na siasa. Nikawaambia mada hiyo ni pana kama Ziwa Rukwa, na mimi ni mtu wa kidato cha nne tu, ninayekula kwa kuuza habari moja moja. Sina shahada ya siasa wala ya kitu kingine. Basi niruhusuni nizungumze juu ya ninachokijua: watu wawili waliopita katika barabara zetu hizi za vumbi, tukawabeba mabegani, kisha kila mmoja akaishika njia yake. Nao ni David Silinde na Frank Mwakajoka.

Najua nikitaja jina la kwanza wapo watakaoguna, na nikitaja la pili wapo watakaopiga makofi. Ngojeni kwanza. Sikuja kuguna wala kupiga makofi. Nimekuja na swali moja: katika safari zote hizo za waheshimiwa, sisi tuliowapigia kura tulibaki na nini mkononi?

TULIKOTOKA

Tukumbushane, maana siasa za nchi hii zinaishi kwa usahaulifu wetu. Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2010 ulipofika, Mkoa wa Songwe ulikuwa haujazaliwa. Tulikuwa Mkoa wa Mbeya, Wilaya ya Mbozi, jimbo la Mbozi Magharibi. Silinde, kijana wa miaka ishirini na kitu, akasimama kwa tiketi ya CHADEMA na kulitwaa jimbo kutoka mikononi mwa CCM. Hakuwa kigogo. Hakuwa mtoto wa waziri. Alikuwa kijana kama nyinyi mlioko hapa, na hilo ndilo lililowapandisha watu mori. Wazee walisema, hebu tumjaribu mtoto.

Mwakajoka yeye alianzia chini zaidi. Kabla ya kuitwa mheshimiwa mbunge alikuwa diwani wa Kata ya Tunduma. Mnajua udiwani ulivyo. Mbunge akikosea anapanda gari kwenda Dodoma, lakini diwani akikosea anakutana na wewe asubuhi kwenye mtaro uliojaa maji machafu, na wewe umeshika ndoo. Hana pa kukimbilia. Ukitaka kumjua mtu, mpe udiwani katika mji wa mpakani.

Wilaya ya Momba ilipoanzishwa, na baadaye Tunduma ikapewa jimbo lake, mambo yakagawanyika. Mwaka 2015 Silinde akarudi bungeni kwa jimbo la Momba, na Mwakajoka akaingia bungeni kwa jimbo jipya la Tunduma. Wote CHADEMA. Mwaka 2016 mkoa wetu ukazaliwa, na makao makuu yakawekwa Vwawa. Nilikuwa kidato cha kwanza wakati wa uchaguzi ule. Nakumbuka tulivyokimbia nyuma ya magari ya kampeni mpaka viatu vikafumuka. Nilidhani ukishachagua, kazi imekwisha. Sikuwa peke yangu katika ujinga huo.

MEI 2020

Ikaja korona. Mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 2020, Bunge lilipoteza wabunge watatu katika siku chache. Mwenyekiti wa CHADEMA, Freeman Mbowe, akawataka wabunge wa chama chake wakae nje ya Bunge na wajiweke karantini kwa siku 14. Wengine wakatii. Wengine wakaendelea kuingia ukumbini. Tarehe 11 Mei Kamati Kuu ikawavua uanachama wanne: Anthony Komu, Joseph Selasini, Wilfred Lwakatare, na wa nne mwenyeji wetu, David Silinde.

Spika Job Ndugai akasema anawatambua kama wabunge, na wakaendelea kukaa vitini mpaka Bunge lilipovunjwa mwezi Juni. Silinde akajiunga na CCM. Oktoba mwaka huohuo akasimama hapa hapa Tunduma, dhidi ya nani? Dhidi ya Mwakajoka, mwenzake wa jana! Tume ikamtangaza Silinde mshindi. Katika uchaguzi ule CHADEMA ilitangaziwa jimbo moja tu nchi nzima, la Nkasi Kaskazini. Malalamiko juu ya uchaguzi ule mnayajua, sina haja ya kuyarudia.

Mwezi Desemba 2020 Rais Magufuli akamteua Silinde kuwa Naibu Waziri katika Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Mwaka 2023 Rais Samia akamhamishia Mifugo na Uvuvi, na mwaka huohuo akampeleka Kilimo. Hiyo ndiyo ngazi: jimbo la vijijini, benchi la upinzani, halafu uwaziri mdogo katika wizara tatu. Miaka 13 tu.

Mitaani wanasema mengi. Wapo wasemao alinunuliwa. Mimi hilo silisemi. Sina ushahidi, na mwandishi anayeandika bila ushahidi ni mpiga ramli. Wapo wasemao chama kilimsukuma mwenyewe mlangoni. Hilo nalo lina wenye kulijadili. Ninachotaka mkione ni kingine, nacho ni kikubwa kuliko mtu mmoja.

KITI NI CHA NANI?

Jiulize, ndugu msomaji: ubunge ni mali ya nani? Utanijibu haraka kwamba ni wa wananchi. Hapana, bwana. Soma Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 67 inataka mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Ibara ya 71 inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake, anakoma kuwa mbunge. Kwa maandishi hayo, wewe uliyepanga foleni kutoka alfajiri humiliki kitu. Kiti ni cha chama. Na mwaka 2020 tuliona hata maandishi hayo yanavyoweza kuwekwa pembeni pale mwenye rungu anapotaka.

Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili toka miaka ya tisini. Alikwenda Mahakama Kuu, akashinda. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala la mgombea binafsi ni la Bunge, si la mahakama. Akaenda kwenye Mahakama ya Afrika pale Arusha, na mwaka 2013 majaji wakasema Tanzania inavunja haki za raia kwa kumzuia mtu kugombea bila chama. Mtikila akafa mwaka 2015 bila kuiona karatasi ya kura yenye jina la mgombea binafsi.

Kwa nini nawachosha na mambo ya mahakama? Kwa sababu mwanasiasa aliyefukuzwa na chama chake katika nchi hii hana mlango wa tatu. Aende nyumbani, au aende kwenye chama kingine. Hawezi kurudi kwenu na kusema, "Nihukumuni nyinyi." Kwa hiyo mnaposema fulani msaliti, fulani shujaa, mkumbuke kwamba sheria yenyewe imewaweka nyinyi nje ya chumba. Ubunge una mwenye nao, ambaye ni chama. Uwaziri una mwenye nao, ambaye ni Rais. Chenu hasa ni kipi?

KILICHO CHENU

Chenu ni kile mnachokidharau: mtaa, kata, na baraza la madiwani.

Wengine mnacheka. Mnasema udiwani ni kazi ya wazee wenye mvi na posho ya nauli. Sikilizeni basi.

Simama pale mpakani asubuhi. Malori yamepangana mpaka huoni mwisho, yanakwenda Zambia na Kongo. Bomba la mafuta la TAZAMA linapita kwenda Ndola, reli ya TAZARA inapita, lami inapita. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walizindua hapa kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde. Fedha zinazopita hapa zinatia kizunguzungu. Lakini ushuru wa forodha hauingii halmashauri hata senti. Unakwenda TRA, unakwenda Hazina. Kodi ya majengo nayo ilichukuliwa na TRA mwaka 2016. Halmashauri yako inaishi kwa kinachobaki: ushuru wa soko, stendi, maegesho, leseni za biashara, machinjio, ushuru wa mazao. Maana yake inaishi kwa mama muuza maharage, kwa bodaboda, kwa wewe mwenye meza ya vocha.

Na mji wenyewe unafura kama unga uliotiwa hamira. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta hapa watu wapatao 97,000. Ile ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya 219,000. Miaka kumi, watu zaidi ya mara mbili! Choo cha stendi ni kilekile. Nani anapanga soko liende wapi? Nani anapitisha kiwango cha ushuru? Si Dodoma. Ni baraza la madiwani, kwa sheria ndogo.

Halafu kuna ile asilimia kumi. Sheria ilirekebishwa mwaka 2018 kuilazimisha kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kila shilingi 100 inayotoka kwa mama yako sokoni, shilingi 4 ni yako wewe kijana. Aprili 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo baada ya ripoti ya CAG kuanika uozo na fedha zisizorejeshwa, na mwaka 2024 ikairudisha. Nauliza, humu ndani ni wangapi wameshawahi kujaza fomu ya kikundi? Nyoosheni mikono. Naona mikono minne. Ukumbi mzima!

NILICHOKIONA KWENYE BENCHI LA NYUMA

Niwape kisa. Mama yangu anauza maharage. Kila siku anatozwa ushuru, na mvua ikinyesha anafunika magunia kwa turubai lake mwenyewe, maana paa la soko ni kumbukumbu tu. Siku moja nikakasirika, nikaamua niende kuona fedha zinakwenda wapi. Sheria ya serikali za mitaa inasema mikutano ya halmashauri iko wazi kwa wananchi na waandishi. Nikaenda kwenye baraza la halmashauri moja ya mkoa huu. Siitaji jina, kwa sababu naamini ningeyaona hayohayo nyingine.

Mlinzi aliniuliza nimemfuata nani. Nikamwambia simfuati mtu, nimekuja kusikiliza. Akanitazama kama mtu aliyepotea. Nikakaa benchi la nyuma. Nikahesabu wananchi waliohudhuria. Tulikuwa watatu, na mmoja alikuwa anasubiri mvua iishe.

Taarifa ya mapato ikasomwa haraka kama tahajia ya mtoto wa darasa la pili. Ikafuata ya mikopo ya vikundi. Idadi ya vikundi ikatajwa, majina hayakutajwa. Mwenyekiti akauliza kama kuna hoja. Kimya. Madiwani wakagonga meza, ikapita. Diwani mmoja, ambaye kwenye kampeni alikuwa akinguruma kama lori la tani 30, hakufungua mdomo mpaka chai ilipoletwa.

Nikatoka nje. Hatua chache kutoka pale palikuwa na kijiwe. Vijana kumi na tano wameinamia simu moja, wanatazama wabunge wanavyorushiana vijembe Dodoma. Wanashangilia! Wanabishana nani kampiga nani kombora! Ndani ya ukumbi ule, nyuma ya migongo yao, asilimia 4 yao ilikuwa imepita kwa dakika mbili bila mtu kuuliza.

Siku ile ndipo nilipojua jibu la swali langu. Silinde alipopanda, tulishika ngazi. Mwakajoka alipopanda, tulishika ngazi. Alipoanguka mmoja na kupaa mwingine, sisi tulibaki tumeishika ileile, mikono imekufa ganzi, tunasubiri wa kupanda.

HAYA SI MAGENI

Msidhani mambo ya halmashauri ni madogo kiasi kwamba wakubwa hawayajali. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji na malenga mkubwa wa Kiswahili, alianza kushika madaraka makubwa ya umma akiwa Meya wa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho, mwaka 1960. Baada ya hapo alikuwa mkuu wa jimbo, akawa Waziri wa Sheria mwaka 1963, kisha Waziri wa Maendeleo na Utamaduni, hadi kifo kilipomchukua Oktoba 1964 akiwa na miaka 40 tu. Uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake. Kizazi kile kilijua kwamba ofisi ya mji ni shule ya uongozi.

Halafu mwaka 1972 halmashauri zikafutwa, wakaletwa maofisa kutoka juu, wakaita Madaraka Mikoani. Miji ikaoza. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Sheria za kuzirudisha zikapitishwa mwaka 1982. Lakini zimerudi na kamba shingoni: mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais, mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais, mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais. Diwani uliyemchagua anakaa katikati yao kama abiria wa kiti cha utingo.

Ndiyo maana nasema uteuzi wa Silinde TAMISEMI ungetufundisha kitu kama tungekuwa macho. Wizara ile ndiyo inayoshika kamba zote za halmashauri. Mtu aliyetoka kwetu alikaa mezani pale tangu Desemba 2020 hadi 2023. Je, tulimpelekea hata barua moja yenye hesabu ya soko letu? Au tulikuwa tunagombana kama ni msaliti ama si msaliti? Mimi sijaiona barua hiyo. Kama ipo, mwenye nayo ailete gazetini, tutaichapa.

"TUGOMBEE NINI?"

Hapa kijana mmoja aliinua mkono akaniuliza, na swali lake ni la haki. Alisema: "Kaka, unatuambia twende mitaani na kwenye kata. Mwaka 2019 wapinzani waliondolewa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa mpaka CHADEMA ikajitoa, na CCM ikazoa karibu viti vyote. Novemba 2024 hadithi ikawa ileile, na Mbowe akakamatwa hapa hapa Mbozi siku chache kabla ya kura. Oktoba 2025 CHADEMA haikuwamo kabisa kwenye karatasi. Tugombee nini?"

Sikumdanganya, na wewe msomaji sikudanganyi. Mlango wa kura umebanwa, na kupigania uwe wazi ni kazi ya vyama na ya kila raia. Lakini mlango wa kuhesabu haujafungwa, tumeacha wenyewe kuusukuma. Kuomba taarifa ya mapato na matumizi ya mtaa si kugombea. Kukaa benchi la nyuma kwenye baraza la madiwani hakuhitaji fomu, hakuna wa kukuengua. Kusajili kikundi cha vijana cha kudai ile asilimia 4 hakuhitaji kadi ya chama. Na kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, maswali yako yanaweza kuingia kupitia mwenyekiti wako wa mtaa, awe wa chama gani. Mkatalie amani mpaka ayapeleke!

Tena nasema hivi: aliyeingia kwa kura zilizolalamikiwa ndiye anayeogopa zaidi kuulizwa hesabu. Ukinyamaza unampa alichokosa.

Kwa hiyo msinitake nimalize kwa kusema Silinde mbaya, Mwakajoka mzuri, au kinyume chake. Wao ni watu wazima, historia itawapima. Mmoja alijifunza kazi kutoka juu, mwingine kutoka kwenye kata, na wote walipata kura zetu bila sisi kuwapa orodha ya madai. Akija wa tatu, na atakuja, msimbebe mabegani kwanza. Muulizeni: ukiwa diwani, au mwenyekiti wa mtaa, au mjumbe wa kamati ya shule, ulifanya nini, na karatasi iko wapi? Asipokuwa nayo, ashike ngazi na yeye, tumwone mikono.

Tarehe ya kikao kijacho cha baraza huwa inajulikana ofisini. Ulizeni. Mimi nitakuwa benchi la nyuma, na pembeni yangu pana nafasi ya watu kumi na tano. Simu mnaweza kuja nayo, ila safari hii mtaitumia kupiga picha karatasi za mapato.